Wakwe Wamenikuta Stoo ya Pumba

Ndugu zangu wa kundi hili, leo nimejivua nguo. Sikuvuliwa na mtu. Nimejivua mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wakwe.

Ninaandika nikiwa nimejifungia bafuni na ndoo ya maji ya moto. Najua habari imeshafika stendi, na kesho itapanda basi la Namanyere, tena itakaa siti ya mbele. Heri muipate kwa mwenyewe, bila chumvi. (Mafuta yapo. Chumvi hapana.)

Wengi mnanijua, ila juzi mmeongeza wageni humu, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ndiye Baba Desi wa mashine ya Majengo, yule mnayemwita Bosi Koboa. Nimeishia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba magunia ya mahindi, wakati ule soko huria ndiyo linaingia na kinu cha ushirika kinapigwa kufuli. Wasomi walikaa barazani wakilia kwamba kinu kimefungwa. Mimi nikanunua mashine chakavu, nikaifufua, nikaanza kusaga. Leo nina mashine ya kusaga na ya kukoboa, nina Fuso, nina nyumba ya vigae. Sijisifu. Nasema kilichopo.

Ila yale magunia yaliniachia kumbukumbu shingoni. Kuna siku shingo inakaza kama nati yenye kutu, na ikishakaza, kichwa nacho kinajaa. Siyo kuuma kule kwa malaria. Ni kubanwa, kama mtu amenivika sufuria lisilo saizi yangu halafu akalikalia. Hospitali nilikwenda. Daktari akanipima presha, akasema iko sawa. Akaniambia nipunguze urefu wa mto na nipunguze mawazo.

Mto nilipunguza.

Mawazo ningeyapunguzaje, na leo ndiyo ilikuwa siku ya wakwe?

Binti yangu Desderia, kifungua mimba wangu, mwalimu wa chekechea, amepata mchumba. Kijana anaitwa Shija. Ni Msukuma wa zile familia zilizohamia na ng'ombe huko upande wa Namanyere. Kijana mzuri, ana adabu, akikusalimia anainama mpaka unamwonea huruma mgongo. Leo wazee wake walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Na wazee hao walikuwa na wasiwasi na kitu kimoja tu. Siyo kabila, siyo dini. Ni Sumbawanga.

Wenyewe mnajua tunavyosingiziwa uchawi huko nje. Ukimwambia mtu unatoka Sumbawanga, akishakupa mkono anahesabu vidole vyake. Sasa baba mkubwa wa Shija, Mzee Mabula, alikuwa ametamka wazi: "Binti sina neno naye. Ila nitakwenda kuiona nyumba yao. Nikikuta jambo nisilolielewa, tunarudi kwetu." Desi aliniletea maneno hayo huku anasokota ncha ya kanga.

"Baba, naomba siku hiyo kila kitu kiwe cha kawaida tu."

"Mwanangu," nikamwambia, "hakuna mtu wa kawaida mji huu kunizidi mimi."

Basi.

Kwa desturi baba hasemi kwenye mahari ya binti yake. Husema mjomba. Mjomba wa Desi ni shemeji yangu Kasiani, analima ulezi kijijini, na anaongea kama mtu anayesubiri ulezi wenyewe uote kwanza. Nikakataa. Nyumba yangu, binti yangu, nitasema mwenyewe. Nikatunga hotuba. Nikajifunza hata salamu ya Kisukuma ya asubuhi kwa mfugaji mmoja anayeleta mahindi mashineni: "Mwangaluka." Wiki nzima nimelala na mwangaluka, nimeamka na mwangaluka. Na leo nilipoamka, shingo ilikuwa imegoma kabisa. Nikitaka kutazama kushoto, nageuza mwili mzima kama Fuso kwenye kichochoro.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi wa Kihindi.

Majuzi nilikwenda Mbeya kufuata mikanda ya mashine. Mwenye duka, Bwana Harishi, Mhindi rafiki yangu, aliona ninavyogeuka kwa shida. Akanipeleka nyuma ya duka kwa mama yake, bibi mzee mwenye miwani mizito, Kiswahili chake kinanizidi mimi. Bibi akanikalisha kwenye kigoda. Akapasha mafuta ya ufuta kwenye bakuli, akaanza kunikanda kwa vidole gumba, kutoka nyuma ya masikio, akateremka shingoni, akatokea mabegani. Taratibu. Hakuvunja kitu, hakunyonga kitu. Nilisinzia pale pale na mdomo wazi. (Hilo Mama Desi sijamwambia.)

"Hii inaitwa Ayurveda," bibi akasema. "Dawa ya wazee wetu. Mtu akiwa na mawazo mengi, mwili unakauka, upepo unapanda juu. Kichwa kinajaa, shingo inakaza. Mafuta ya vuguvugu yanautuliza, unashuka."

Kisha akanieleza ile kubwa yao. Unalala chali. Juu ya paji la uso kinaning'inizwa chungu chenye tundu dogo. Mafuta ya vuguvugu yanashuka kama uzi wa kushonea, yanatembea huku na huku kwenye paji, mpaka kichwa kinyamaze. Akanionya pia. Tundu liwe dogo. Usifanye ukiwa umeshiba. Mkono ukianza kufa ganzi, hiyo siyo kazi ya mafuta, nenda hospitali. Na usifanye peke yako, mtu akae karibu nawe.

Nikaitikia ndiyo mama, nimeelewa mama. Akanipa chupa ya mafuta na pakiti ya udi wa vijiti.

Nilielewa yote. Nimefuata nusu.

Leo asubuhi, chai hata sijanywa (hapo nilitii), nikamwendea mke wangu. Alikuwa anatandika vitambaa vipya kwenye makochi.

"Mama Desi, nataka chungu, kamba na mahali pa kulala."

Akanitazama mimi, akatazama chupa mkononi.

"Mafuta? Humu ndani? Leo?"

"Ni dawa."

"Baba Desi, tone moja likiangukia kitambaa hiki, wakwe watakusalimia ukiwa wodini."

"Sasa nikalale wapi?"

"Una stoo nzima ya pumba. Nenda ukalale na mali yako."

Stoo ya pumba, kwa asiyefika kwangu, imegusana ukuta na mashine ya kukoboa. Mahindi yanabaki meupe upande huu, maganda na vumbi lake vinapita kwenye bomba na kurushwa stoo. Wenye nguruwe na kuku wanakuja kununua humo. Lile bomba nimelichomelea mwenyewe. Hakuna mhandisi aliyenisaidia. Linapuliza kwa nguvu hata kuku akipita mbele yake anaanguka. (Mlikumbuke hilo. Mimi sikulikumbuka.)

Nikaingia. Nikafunga kamba kwenye boriti, nikaning'iniza chungu. Bibi alisema tundu dogo, mimi nikatoboa kwa msumari wa inchi sita. Mtu aliyezoea kazi kubwa hashiki sindano. Nikavua shati na suruali ya wageni nisizichafue, nikabaki na bukta. Baridi ilikuwa kali, mnaijua Julai yetu na ule upepo wake, kwa hiyo nikajifunika kaniki kuukuu ya Mama Desi. Kitambaa cheusi hakionyeshi mafuta. Nikatandika gunia, nikawasha udi. Nusu pakiti.

Sasa hebu someni tena hapo juu polepole. Chungu kinaning'inia kwenye boriti. Kaniki. Moshi. Sumbawanga. Mimi niliyekuwemo ndani nikaona ni jambo la kawaida kabisa.

Mama Desi akanimiminia mafuta ya vuguvugu chunguni huku kidole kimeziba tundu. Akatikisa kichwa. "Ukimaliza, gonga," akasema, akatoka na kusukuma komeo kwa nje ili kuku wasiingie. Kukaa karibu nami, kama bibi alivyoagiza, sikumwomba. Na Pius, fundi wangu wa mashine, alikuwa hajafika kazini. Sikumwachia neno kwamba niko stoo. Bosi haagi anapokwenda kulala.

Nikalala chali. Nikaachia.

Ndugu zangu, dawa ni dawa. Haukuwa uzi wa kushonea, ilikuwa kamba ya katani. Lakini yalikuwa ya vuguvugu, yananukia kama simsim ikikaangwa. Yakashuka kwenye paji, yakaingia kwenye nywele, yakajaza masikio, yakazunguka shingo, yakateremka kifuani. Lile sufuria la kichwani nikalisikia linalegea. Mtu aliyekuwa amelikalia akainuka, akaenda zake. Nikasikia ndege juu ya bati. Nikasikia moyo wangu mwenyewe unapiga bila haraka. Sijui lini mara ya mwisho nimelala mchana tangu nianze kubeba magunia. Mahari sikuiwaza. Hotuba sikuiwaza. Nilikuwa mtu mmoja aliyejaa mafuta, mwenye amani na watu wote wa Rukwa.

Nikalala fofofo. Mdomo wazi.

Huko nje Pius akafika. Akafika na mteja mwenye mahindi ya kukoboa. Pius ni fundi mzuri, hasubiri kuambiwa. Akamwaga mahindi, akawasha.

Nilichosikia mimi ni ngurumo. Kisha pumba zikaja.

Hazikuja kama mvua ya rasharasha. Zilikuja kama zina ugomvi nami. Zikaingia mdomoni, puani, machoni, masikioni. Mtu aliyelowa mafuta kutoka utosini hadi kitovuni akipuliziwa pumba, anakuwa kama samaki mgebuka aliyepakwa unga tayari kuingia kikaangoni. Nikaruka. Kichwa kikagonga chungu, chungu kikavunjika, kamba ikanizunguka shingoni. Nikapapasa mpaka mlangoni, nikagonga. Mashine inanguruma. Nikapiga kelele. Mashine inanguruma. Kila nikifungua mdomo kuita, nakula pumba. Nikamlaani aliyechomelea lile bomba, halafu nikakumbuka ni nani.

Ghafla umeme ukakatika. Kimya.

Sijawahi kulishukuru shirika la umeme maishani mwangu. Leo nimelishukuru, na sikujua ninashukuru nini. Kwa sababu wakwe walikuwa wameshafika.

Walitarajiwa mchana kwa basi. Kumbe wamepata lifti ya lori la mahindi, wakawahi. Watu wa adabu hawabishi hodi mapema, kwa hiyo Mzee Mabula na dada yake, Shangazi Kulwa, walikuwa wamekaa kwenye benchi la wateja wa mashine, wanaota jua. Migongo yao imeegemea ukuta wa stoo, hatua moja kutoka mlangoni. Mke wangu yuko jikoni, Desi anasukwa chumbani, Pius amedhani ni wateja, hakuna aliyejua wamefika.

Na mimi, katika ule ukimya, koo limekauka kwa pumba, nikaita. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu aliyekufa zamani kidogo.

"Nifungulieeeni..."

Nikasikia benchi linalia. Mtu amesimama.

"Nani huko?" sauti ya mzee ikauliza.

"Mimi... mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba amefungiwa kwenye pumba?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Mke wangu."

"Yesu na Maria!" Hiyo sauti ya mwanamke.

"Uko humo tangu lini?" mzee akauliza.

"Sijui! Nilikuwa nimelala. Nisaidieni, nimekula pumba mpaka basi!"

Ndugu zangu, kama mlivyo hapo mmekaa, mmeshajua nimesema nini. Mtoto mdogo wa nchi hii anajua ni nani hufungiwa stoo akalishwa pumba. Ni msukule. Mtu aliyechukuliwa na wachawi, kwao akaliliwa na kuzikwa, kumbe yuko kwenye stoo ya tajiri anamfanyia kazi. Na mimi ndiye tajiri wa pale! Nimejiweka msukule kwenye stoo yangu mwenyewe!

Mzee Mabula ni mtu jasiri, sitamnyima haki yake. Hakukimbia hapo. Alisimama mbali, akanyoosha fimbo yake ya kuchungia, akasukuma komeo kwa ncha. Mlango ukafunguka.

Moshi wa udi ukatangulia. Nikafuata mimi. Mwili wote una manyoya ya pumba, nyusi hazipo, kaniki begani, kamba shingoni na kigae cha chungu kinaning'inia kwenye kamba. Jua likanipiga machoni. Nikaona vivuli viwili. Nikatambua, kwa fimbo ile, kwamba hawa ni wakwe.

Mngefanya nini? Mimi nilikumbuka adabu. Nikainama, nikapiga makofi mawili ya heshima, nikasema kwa sauti ile ile ya kaburini:

"Mwangaluka!"

Shangazi Kulwa akapiga yowe. "Kaka! Wamechukua wa kwetu!"

Wakakimbia.

Sijawahi kuona mzee anakimbia vizuri vile. Shangazi ameuma kanga kwa meno, viatu mkononi. Na Pius, Pius niliyemfundisha kazi kwa mikono hii, alichungulia mara moja, akatoka mbio akawapita wakwe kwenye kona. Nikaona ndoa ya Desi inaondoka kwa miguu sita. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili asingelifanya.

Niliwafukuza.

"Wakwe! Wakwe zangu! Rudini tuzungumze!"

Kaniki ikanasa kwenye msumari wa geti, ikabaki hapo. Nikaingia barabara ya Majengo na bukta. (Bukta yenyewe ina kiraka nyuma. Nimeambiwa. Kila mtu ameniambia.) Watu wakakimbia kwanza, halafu wakasimama, halafu wakaanza kurudi. Bodaboda wakazima pikipiki zao waone vizuri. Ni mama muuza mihogo ndiye aliyeniokoa, kama huko ni kuokolewa.

"Jamani, tulieni!" akapaza sauti. "Siyo msukule! Ni Baba Desi! Hicho kitambi nakijua!"

Basi mtaa mzima ukanitambua kwa kitambi. Wakwe nao wakasimama mbele ya duka la vipuri, wanahema. Hapo Mama Desi akatokea mbio, mwiko mkononi.

"Mungu wangu," akasema, "nilimsahau huyu mtu!"

Tukarudishwa nyumbani kwa msafara. Wakwe walikataa kuvuka geti. Mzee Mabula alisimama nje, fimbo mbele yake, majirani wamejaa nyuma yake. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Sisi tumekuja kutafuta mke. Tumekuta mtu amefungiwa kwenye pumba, amefungwa kamba, anafuka moshi, na anatusalimia kwa lugha yetu. Kwetu siyo mbali. Nadhani turudi tu."

Desi alikuwa amesimama barazani, nywele zimesukwa upande mmoja tu. Hakulia. Alinitazama. Heri angelia.

"Baba," akasema. "Waeleze. Polepole. Usijisifu."

"Wakwe zangu," nikaanza, "mimi mnayeniona hapa, niliyeanza na gunia kichwani, leo hii nina Fuso..."

"Baba!"

Nikaanza upya. Nikaeleza bibi wa Kihindi, upepo unaopanda kichwani, chungu, mafuta. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Shangazi Kulwa akauliza, "Chungu unakitundika, unalala chini yake, unawasha udi, upepo unashuka. Na unasema siyo uganga?" Nikasema ni Ayurveda. Nikaona majirani wanasogea nyuma hatua moja, kama vile nimetaja jina la jini.

Wakati huo shemeji Kasiani ndiyo anashuka kwenye bodaboda, amebeba kuku. Akasikiliza. Akatazama. Akakaa kimya muda wake ule wa kawaida. Kisha akasema:

"Mzee, mtu akishindwa kueleza, aonyeshe. Shemeji, lala."

"Nilale hapa?"

"Hapa. Wote waone. Kama kuna uchawi, utaonekana mchana."

Ndugu zangu, nililala. Kwenye uwanja wangu, hapo hapo getini miguuni pa Mzee Mabula, na bukta, mbele ya wakwe na Majengo yote. Mama Desi akaleta mabaki ya mafuta kwenye chujio la chai. Kasiani akalishika juu ya paji langu. Mafuta yakashuka. Yalikuwa yameshapoa. Yakaingia puani, nikapiga chafya, pumba zikaruka zikatua kwenye koti la Mzee Mabula.

Mzee akajipangusa, akainama, akanitazama kwa karibu.

"Mkwe. Huyo bibi alikwambia tundu liwe kiasi gani?"

"Dogo, kama la uzi."

"Ukatoboa kwa nini?"

"Msumari wa inchi sita."

"Alikwambia ulale peke yako?"

"Alikataza."

"Huyu fundi wako alijua umo humo ndani?"

"Hapana."

"Na lile bomba la kupulizia pumba, nani alijua linaelekea wapi?"

"Mimi. Nililichomelea mimi."

Mzee Mabula akasimama wima. Akamgeukia dada yake.

"Kulwa, ingia ndani tukae. Huyu siyo mchawi. Uchawi unataka akili."

Nasikia kile kicheko kilifika mpaka kanisani. Mama muuza mihogo alikaa chini. Pius, aliyekuwa amerudi kwa kujificha nyuma ya watu, alicheka mpaka akashika ukuta. Shangazi Kulwa akafuta machozi kwa kanga, akamwendea Desi, akamshika mkono, wakaingia ndani. Nilipoiona mikono ile imeshikana, ningeweza kulala pale uwanjani mpaka jioni bila kinyongo.

Haikuishia hapo. Kwao na kwetu kuna jambo moja linafanana: wakwe hawaonani miili. Likitokea, aliyeonekana analipa. Mzee Mabula alilitaja mara tu baada ya sala ya kufungua kikao. Nikafungua mdomo nijitetee kwamba ni dharura. Kasiani akawahi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Kosa tumelikubali," akasema. Mbuzi akafungwa kamba, akakabidhiwa. Ninaamini mimi ndiye baba wa kwanza Ufipa kutoa mbuzi siku ya kuahidiwa ng'ombe.

Mahari akaizungumza Kasiani. Mimi nilikalishwa pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu Mama Desi hakuniruhusu kugusa kochi. Kasiani akasema neno, akanyamaza. Wakwe wakaona kimya kirefu, wakaongeza wao wenyewe. Akasema jingine, akanyamaza, wakaongeza. Wamekubaliana vizuri kuliko hotuba yangu yote. Desi alipopita na chai aliinama karibu na sikio langu.

"Asante baba," akaninong'oneza, "kwa kukaa kimya."

Na shingo? Inageuka. Nimeweza kumtazama kila aliyekuwa ananicheka, wa kushoto na wa kulia, bila shida yoyote.

Maji yameanza kupoa na pumba za masikioni bado hazijatoka, kwa hiyo naishia hapa. Harusi ipo, mtaalikwa wote. Mwenye kicheko akimalize leo humu humu ndani ya kundi. Kesho nafungua mashine, na sitaki kuona jino la mtu.